Sauti Isiyoandikika: Nia ya Msemaji na Macho ya Msomaji

Mzee akimwambia kijana, "Haya, umefanya vizuri," kijana huyo hujua papo hapo kama amesifiwa au amekaripiwa. Hajui kwa sababu ya maneno, kwani maneno ni yale yale. Hujua kwa sauti iliyopanda au kushuka, kwa jicho lililotazama au kukwepa, kwa kicheko kilichofuata au kimya kilichotanda. Lakini maneno hayo yakiandikwa kwenye karatasi na kupelekwa mbali, kijana hubaki na herufi peke yake. Hapo ndipo analazimika kuitia sauti ile barua kwa kukisia, na akikisia vibaya, sifa hugeuka kuwa tusi, na tusi likageuka kuwa sifa.

Katika miaka hii ya simu za mkononi na mtandao wa intaneti, twasikia malalamiko kila upande kwamba watu hawaelewani. Ndugu hukosana kwa ujumbe wa maneno matatu. Kikundi cha ukoo, kilichoundwa ili kuchangia arusi, huvunjika kabla ya arusi yenyewe. Wengi wetu huilaumu mitambo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba tatizo hili ni kongwe kuliko mitambo, kwamba lilizaliwa siku ile kalamu ilipochukua kazi ya ulimi, na kwamba wazee wetu walilijua na kulitafutia dawa. Dawa hiyo tumeiacha njiani katika haraka zetu, na kuiacha kwetu kumetugharimu.

Sauti katika Kiswahili

Hapana budi tuanze na lugha yenyewe. Kiswahili si lugha ya toni kama zilivyo nyingi za lugha za Kibantu jirani zake. Hata hivyo, kiimbo kina kazi kubwa ndani yake. Tuchukue mfano ulio wazi kabisa. Mtu akitaka kuarifu husema, "Umekula fedha za chama." Akitaka kuuliza husema, "Umekula fedha za chama?" Mpangilio wa maneno haukubadilika hata kidogo. Tofauti kati ya swali la kawaida na shutuma nzito imo katika kiimbo tu. Kwenye maandishi, tofauti hiyo yote hubebwa na alama moja ndogo mwishoni, na mwandishi mwenye haraka akiisahau alama hiyo, amekwisha kumshitaki mwenziwe wizi. Ndiyo maana lugha yetu ina neno "je", ambalo humwonya msikilizaji tangu mwanzo kwamba linalokuja ni swali. Anayeandika "Je, umekula fedha za chama?" amejilinda yeye na amemlinda mwenziwe.

Hata mkazo una habari yake. Neno "barabara" likitiwa mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho lina maana ya njia kuu. Likitiwa mkazo katika silabi ya tatu kutoka mwisho lina maana ya sawasawa. Karatasi haionyeshi tofauti hiyo. Na yapo maneno mafupi ambayo takriban maana yake yote hutoka kwenye sauti: "haya", "sawa", "basi", "hewala", "ahaa". "Haya" ya mtu anayeitikia mwito siyo "haya" ya mtu aliyekata tamaa, wala siyo "haya" ya mtu anayengoja mwenziwe aharibikiwe ili amcheke. Maneno ya namna hii ndiyo yanayoandikwa zaidi leo katika simu, kwa sababu ni mafupi. Nayo ndiyo yanayosomwa vibaya zaidi, kwa sababu hiyo hiyo.

Barua za wazee

Watu wa pwani walianza kuandikiana barua zamani sana. Huko Goa, nchini India, zimehifadhiwa barua zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 kwa hati za Kiarabu. Mwaka 1892 mtaalamu wa Kijerumani, C. G. Büttner, alichapisha mkusanyiko wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati hizo hizo, na ndani yake zimo barua za watu wa kawaida: wafanyabiashara, jamaa na marafiki.

Hati za Kiarabu, jinsi zilivyotumiwa zamani, hazikuitosheleza sauti ya Kiswahili. Herufi moja ilibeba sauti ya "b" na ya "p", hata "bata" na "pata" zikaweza kuandikwa sawa. Alama moja ya irabu ilisomwa "u" au "o", na nyingine "i" au "e". Alama ya kuuliza haikuwako. Hivyo msomaji hakuweza kusoma kabla ya kufikiri. Ilimpasa kwanza aelewe jambo linalozungumzwa, ndipo atambue neno lililoandikwa. Huko Mombasa, katika karne ya 19, mwanachuoni aliyejulikana kwa jina la Mwalimu Sikujua alikuwa miongoni mwa walioshughulikia kuzirekebisha hati hizo ili zifuate zaidi matamshi ya Kiswahili.

Twaweza kudhani kwamba kwa hati yenye upungufu kama huo magomvi yalikuwa mengi. Lakini tukitazama namna barua zilivyotungwa, twaona ulinzi wa aina tatu. Kwanza, barua haikuanza na haja. Ilianza na jina la mpelekewa pamoja na sifa na heshima zake, ikafuata dua, zikafuata salamu, ndipo yakaja maneno, "ama baada ya salamu". Kila aliyesoma alikuwa amekwisha kujua, kabla ya kufika kwenye deni au dai, kwamba anasemeshwa na mtu anayemheshimu. Pili, barua aghalabu ilipelekwa kwa mkono wa mtu, na mtu huyo aliweza kuulizwa. Palipokuwa na shaka katika maandishi, palikuwa na mdomo wa kuitegua. Tatu, kwa kuwa wasomaji walikuwa wachache, barua nyingi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na aliyezisoma alizirudishia ile sauti iliyopotea.

Mazoea haya hayakufa pale hati za Kilatini zilipoenea. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi tunaikumbuka barua iliyoanza kwa kusema kwamba madhumuni yake ni kutaka kujua hali, kwamba mwandishi huku aliko ni mzima wa afya, na kwamba hofu na mashaka ni kwa yule aliye mbali na upeo wa macho yake. Vijana wa baadaye waliyacheka maneno hayo wakayaona ni kasuku mtupu. Kweli yalikuwa ya kukariri. Lakini kazi yake haikuwa kutoa habari, bali kuiweka sauti ya upole mahali ambapo sauti haipo, kama vile mgeni abishavyo hodi. Hodi haina habari ndani yake, lakini aingiaye bila hodi hupokewa kwa rungu.

Karatasi yenye nia nyingine

Historia ya nchi yetu inatufundisha pia upande mchungu wa jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1884, Mjerumani Carl Peters alipita Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami akiwa na karatasi za mikataba. Mmoja wa watawala aliowatia katika karatasi hizo ni Mangungo wa Msovero, huko Usagara. Mdomoni palikuwa na urafiki, zawadi na vinywaji. Karatasini, kwa lugha ambayo mwenyeji hakuijua, palikuwa na kutoa ardhi na haki zote milele. Mnamo Februari 1885 Kaisari Wilhelm I alitoa hati ya ulinzi iliyojengwa juu ya karatasi hizo.

Kwa miaka mingi jina la Mangungo limetajwa madarasani kwa dhihaka, kana kwamba kosa lilikuwa ujinga wake. Sisi twaona kwamba dhihaka hiyo haina haki. Mangungo aliisoma sauti, kwa sababu katika desturi zake ahadi ilikuwa katika sauti, katika ushahidi wa watu na katika kula pamoja. Peters aliitumia desturi hiyo kama pazia. Huku hakukuwa kusomwa vibaya kwa nia njema. Kulikuwa kuificha nia mbaya nyuma ya nia njema ya kujifanya. Fundisho lake ni hili: pale maneno ya mdomo na maneno ya karatasi yanapoachana, aliyeshika kalamu ndiye mwenye nguvu, na asiyeijua kalamu ndiye alipaye.

Waya na ufupi wa maneno

Katika karne hiyo hiyo ya 19 ulikuja mtambo uliobadili kabisa mazungumzo ya mbali, nao ni telegrafu. Waya wa baharini ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879. Hata neno letu "simu" lina asili ya Kiajemi lenye maana ya waya, nalo lilitumika kwa habari za maandishi kabla ya kutumika kwa chombo cha kusemea. Simu hiyo ya maandishi ililipiwa kwa hesabu ya maneno. Basi yaliyokuwa ya kwanza kukatwa yakawa yale yasiyo na habari: salamu, heshima, dua. Mtu aliyepokea maneno "Njoo upesi" hakujua kama aitwa arusini au msibani, na wengi walisafiri usiku kucha na kilio tumboni.

Madhara ya ufupi yalionekana Ulaya kabla waya haujafika kwetu. Tarehe 13 Julai 1870, katika mji wa Ems, balozi wa Ufaransa alimwendea Mfalme Wilhelm wa Prussia kumtaka aahidi kwamba jamaa wa ukoo wake hatagombea tena kiti cha ufalme wa Hispania. Mfalme alikataa bila ya matusi, na baadaye akampelekea habari kwamba hana la kuongeza. Taarifa ya simu ilipelekwa Berlin kwa Waziri Mkuu Bismarck. Bismarck hakutunga uongo mkubwa. Alikata maneno tu. Baada ya kukatwa, taarifa ilisomeka kana kwamba balozi alifukuzwa mlangoni, naye akaitoa magazetini. Huko Ufaransa jambo likazidi kuharibika, kwa kuwa neno la Kijerumani la kumtaja msaidizi wa mfalme lilishabihiana na neno la Kifaransa la kumtaja askari wa cheo cha chini. Wasomaji wakaona balozi wao amejibiwa kupitia kwa mtu mdogo. Tarehe 19 Julai Ufaransa ilitangaza vita. Hatusemi kwamba simu moja ndiyo iliyoleta vita hivyo, kwani uhasama ulikuwapo na Bismarck aliutaka. Twasema kwamba kupunguza maneno ni kugeuza sauti, na kwamba anayetafuta ugomvi hahitaji kuongeza neno.

Fumbo la hiari

Tusije tukadhani, hata hivyo, kwamba kila utata katika maneno ni kosa. Utamaduni wetu umeulea utata na kuufanya sanaa. Mwanamke wa pwani huvaa kanga yenye maneno, akapita nayo mbele ya jirani. Maneno hayo hayamtaji mtu. Jirani akiuliza, "Umenisema mimi?" mvaaji hujibu kwamba amenunua kanga dukani kama wengine wote. Anayehusika ameelewa, asiyehusika amepita zake, na ugomvi umesemwa bila ya kusemwa. Wahenga wamelitolea jambo hili methali: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

Utani nao ni hivyo hivyo. Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali katika karne ya 19, leo ni watani. Wanyamwezi na watu wa pwani waliufanya utani wao katika njia za misafara. Mtani huweza kuingia msibani akamcheka marehemu, akadai sanda, akazuia jeneza, na wafiwa wakatabasamu katikati ya machozi. Maneno hayo hayo yakisemwa na asiye mtani ni matusi ya kutoza faini.

Lakini tuangalie vizuri. Fumbo la kanga na kejeli ya mtani hufanya kazi kwa sababu wote wanaohusika wanajuana, wako mahali pamoja, na wanaujua mpaka. Ukiyaondoa maneno ya mtani msibani na kuyatia mahali wanaposoma watu elfu moja wasiomjua marehemu wala mtani, yamebaki matusi. Mtandao unafanya jambo hilo kila siku: huyabeba maneno na kuuacha uwanja wake nyuma.

Zama za mitambo

Mwaka 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, wataalamu waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta walifanyiana mzaha juu ya ajali ya kubuni ya zebaki ndani ya lifti. Baadhi ya wasomaji waliuchukua mzaha huo kuwa onyo la kweli. Tarehe 19 Septemba mwaka huo, Scott Fahlman alipendekeza kwamba kila mzaha utiwe alama ya nukta mbili, kistari na mabano, zinazofanana na uso unaocheka uliolala ubavu. Mwaka 1992 ulipelekwa ujumbe mfupi wa kwanza kwa simu ya mkononi huko Uingereza. Nafasi ya ujumbe wa namna hiyo ilikuwa herufi 160. Mwaka 1999 kampuni ya simu ya Kijapani ya NTT DoCoMo ilianza kutumia vipicha 176 vilivyochorwa na Shigetaka Kurita, na vipicha vya namna hiyo vimeenea sasa duniani kote.

Je, alama hizo zimelimaliza tatizo? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kwamba watu walioonyeshwa uso ule ule uliochorwa hawakupatana, katika takriban robo ya mara, kama uso huo una furaha, huzuni au hauna lolote. Utafiti mwingine, wa Justin Kruger na Nicholas Epley pamoja na wenzao, uliochapishwa mwaka 2005, una fundisho zito zaidi. Watu waliandikiana sentensi, nyingine za kweli na nyingine za kejeli. Waandishi waliamini kwamba wasomaji wangetambua nia yao katika takriban asilimia 78 ya mara. Wasomaji walitambua katika asilimia 56 tu, ambayo si mbali sana na kubahatisha kwa kurusha sarafu. Waliosikia sauti walifanya vizuri zaidi kwa mbali.

Sababu yake haiko mbali. Mwandishi anapoandika huisikia sauti yake mwenyewe kichwani, akadhani imeandikika. Msomaji naye huisikia sauti, lakini ni ile aliyoitunga mwenyewe kutokana na siku aliyokuwa nayo: amechoka, anadaiwa, au ana kinyongo cha zamani. Hivyo watu wawili husoma barua moja yenye sauti mbili, na kila mmoja huapa kwamba sauti yake ndiyo ya kweli.

Na gharama yake si ndogo. Mnamo Januari 2010 kijana mmoja wa Uingereza, akiudhika kwamba theluji imefunga uwanja wa ndege aliotaka kuutumia, aliandika mtandaoni kwa mzaha kwamba angeulipua. Alikamatwa, akapoteza kazi, akatiwa hatiani na kutozwa faini. Ilichukua mpaka Julai 2012 Mahakama Kuu kuifuta hukumu hiyo kwa kuona kwamba maneno yale hayakuwa tishio. Nchini kwetu iko Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambamo baadhi ya makosa hupimwa kwa nia ya mtendaji. Basi hakimu naye yumo katika kazi ile ile ya msomaji wa barua: kuitafuta nia ya mtu ndani ya herufi zilizokaa kimya.

Hitimisho

Historia hii fupi inatuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba maandishi, yawe ya kalamu au ya mtambo, huondoa sauti, na hakuna chombo kilichokwisha kuirudisha yote. La pili ni kwamba kila jamii iliyoandikiana kwa amani ilijitungia adabu ya kuijaza nafasi hiyo. La tatu ni kwamba mitambo ya haraka huifanya adabu hiyo ionekane kuwa mzigo, nasi tukautua bila ya kujiuliza ulikuwa umebeba nini.

Hatuwaombi vijana warudie barua za kurasa nne. Twawaomba walimu wautie somoni uandishi wa ujumbe mfupi kama walivyowahi kuutia uandishi wa barua. Mwanafunzi aandike sentensi moja, wenzake watano waisome kwa sauti, kila mmoja kwa namna alivyoielewa, naye asikilize ni sauti ngapi zimetoka katika sentensi yake moja. Afundishwe kutia "je" na alama ya kuuliza. Afundishwe kwamba "tafadhali" na "shikamoo" hazijawahi kumfilisi mtu. Afundishwe kwamba utani ni wa watani. Na anapokuwa msomaji, afundishwe jambo lililo gumu kuliko yote: akilisoma neno likamchoma, kabla ya kujibu aulize, "Ulikuwa na maana gani?"

Wazee waliopokea barua yenye shaka walimgeukia mchukuzi wakamwuliza alikoitoa na mwandishi alikuwa katika hali gani. Sisi barua zetu hazina tena mchukuzi. Hatuna budi basi kuuliza wenyewe. Na njia ya kuuliza tunayo mkononi, kwani chombo kile kile kilicholeta maneno yaliyotuudhi chaweza pia kupiga na kutusikilizisha sauti ya aliyeyaandika.